Wiki ya 14 imempita na mstari wa uzito umelala: nianzie wapi?

Mhudumu_Chamazi

Habari za leo wadau. Niko Chamazi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nina kesi moja nataka ushauri wa watu wa chumba cha chanjo na wa mizani, maana sura yake inafanana na nyingine kadhaa mtaani.

Mtoto wa kike, leo ana wiki 15. Kadi inasema: kuzaliwa kilo 3.1, wiki ya 6 kilo 4.5, wiki ya 10 kilo 5.4. Wiki ya 14 hakuna kilichoandikwa. Nimempima leo nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, imesoma 5.4 ileile. Nukta bado iko kwenye rangi ya kijani, kwa hiyo familia inaona hakuna tatizo. Nimemvalisha utepe wa mkono nao ukasoma njano. Hana homa, hakohoi, anacheka.

Mama ameajiriwa kiwandani, Barabara ya Nyerere. Likizo ya uzazi imekwisha. Anatoka saa 11 alfajiri, anarudi saa 1 usiku. Mtoto anabaki na bibi, ambaye anampa uji mwepesi kwa kijiko na maji ya kuchemsha "kwa ajili ya joto". Wiki ya 14 bibi alimpeleka kliniki, akafika saa 5 na nusu, akaambiwa arudi Alhamisi. Hakurudi tena.

Jambo la mwisho: kadi ilinyeshewa. Sehemu ya BCG (chanjo ya kifua kikuu) imefutika kabisa, na begani sioni kovu.

Naomba kujua: (1) chanjo zinaanza upya au anaendelea? (2) BCG irudiwe? (3) huu uzito niuaminije, na nimpe rufaa leo au nisubiri? (4) bibi nimwambie nini ambacho kinatekelezeka, siyo "anyonyeshwe maziwa ya mama tu" wakati mama yuko kazini saa 14?

---

Nesi_Chumba_cha_Chanjo

Nikujibu la chanjo, la uzito nawaachia wenyewe.

Haanzi upya. Hakuna chanjo yoyote ya mtoto inayoanza upya kwa sababu ya kuchelewa. Dozi mbili alizopata wiki ya 6 na ya 10 zinahesabika zilivyo. Kinachoangaliwa ni kitu kimoja: kati ya dozi na dozi zisipungue siku 28. Ya pili alipata wiki ya 10, leo ni wiki ya 15, ni siku 35 zimepita. Maana yake hata kesho asubuhi anachoma.

Anazodaiwa ni za wiki ya 14: polio ya matone, penta ya tatu (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na ile ya homa ya uti wa mgongo), PCV ya tatu ya nimonia, na polio ya sindano. Jumla matone mawili mdomoni na sindano tatu mapajani, siku moja. Mbili zitakazokaa paja moja zinaachanishwa angalau sentimita 2.5, ili paja likivimba ijulikane ni ipi iliyovimbisha. Mwandae bibi kwa hilo mapema. Polio ya sindano iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2018, na PCV mwaka 2013, kwa hiyo bibi aliyelea wanawe kabla ya hapo alizoea sindano moja, akiona tatu anadhani mtoto anafanyiwa majaribio. Akiomba "moja leo, nyingine wiki ijayo", usikubali kirahisi. Kila safari unayomwongezea ni safari ambayo huenda isifanyike.

Sasa hiyo "njoo Alhamisi". Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Kuna chanjo za unga, BCG na surua-rubela. Zinachanganywa na kimiminika chake, na zikishachanganywa zinatumika ndani ya saa 6 tu, au hadi mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia. Zinazobaki zinamwagwa. Hazina dawa ya kuzuia vijidudu ndani yake. Kichupa cha surua kilicholala kinaweza kuota bakteria, na watoto wamewahi kufa kwa hilo katika nchi mbalimbali. Kichupa cha BCG kina dozi 20, cha surua-rubela mara nyingi 10. Ndiyo maana vituo vinapanga siku maalumu ili watoto wakutane. Na hata kwa surua, mtoto wa miezi 9 akiwa mlangoni ni afadhali kufungua kichupa na kumwaga dozi zilizobaki kuliko kumwacha arudi nyumbani bila kinga.

Penta, PCV na polio zote mbili ni za majimaji. Kichupa cha dozi nyingi kikifunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28, ikiwa kimekaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hakijapitwa na tarehe, kimeandikwa siku kilipofunguliwa, hakijazama kwenye maji ya barafu, na kiashiria cha joto bado kizuri (kimraba cha ndani kiwe cheupe kuliko duara linalokizunguka, vikilingana rangi, tupa). Kwa hiyo chanjo za wiki ya 14 hazina sababu ya kitaalamu ya kungoja Alhamisi. Inawezekana muuguzi alikuwa peke yake, au vyombo vilisharudishwa kwenye jokofu, hayo yapo. Ila bibi aliyebebwa na bodaboda na mtoto mgongoni hapaswi kulipia hayo kwa kurudi mara mbili.

Ukimpeleka safari hii fika kabla ya saa 3. Na uulize neno kwa neno: "Penta ya tatu na ya polio ya sindano zipo leo?" Ukiuliza tu "chanjo zipo?" utajibiwa jumla.

---

Mtu_wa_Mizani

Kabla hujasema mstari umelala, hakikisha ni mtoto aliyesimama na siyo mizani.

Hesabu kwanza. Mtoto wa kike wa umri huu huongeza karibu gramu 500 hadi 600 kwa mwezi. Kati ya wiki ya 10 na ya 15 ulitarajia gramu 600 hadi 700, yaani mizani isome kilo 6 au zaidi kidogo. Umekuta sifuri. Pengo la gramu 600 ni kubwa, lakini angalia jinsi linavyoweza kutengenezwa: pampasi iliyolowa gramu 200 hadi 300, kisweta na kofia, shali, halafu mshale ambao haukuanzia sifuri. Ikiwa wiki ya 10 alipimwa na nguo zake kwenye foleni ndefu, na leo wewe umempima mtupu, nusu ya pengo imeondoka. Ikiwa ni kinyume chake, hali ni mbaya kuliko unavyoiona.

Mizani ya kuning'iniza ya kilo 25 ina alama kila gramu 100. Haiwezi kukwambia kitu chini ya hapo, kwa hiyo usiandike 5.45. Namna ya kuitumia:

Itundike kwenye kitu kisichocheza, boriti au tawi nene, siyo kitasa cha mlango. Uso wake uwe sawa na macho yako. Ukitazama kwa chini au kwa pembeni unapoteza gramu 100 bila kujua. Ning'iniza kaptula ya kupimia ikiwa tupu, kisha zungusha kirekebishaji mpaka mshale ukae sifuri. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka sifuri kabla ya kutundika kaptula. Vua kila kitu, pamoja na hirizi nzito na pampasi. Mtoto akishaning'inia, miguu isiguse kitu na bibi asimshike mkono. Subiri atulie. Akilia na kurusha miguu, mshale unacheza. Soma katikati ya mchezo wake pale tu ukishindwa kabisa kumtuliza. Mshushe, mpandishe tena, soma mara ya pili. Zikitofautiana kwa gramu 100 au zaidi, pima ya tatu.

Mizani yenyewe ikague kwa kitu unachokijua uzito. Mfuko wa unga wa kilo 5 ambao haujafunguliwa unatosha kukuonyesha kama springi imelegea. Ndoo ndogo yenye lita 5 za maji ni kilo 5 pia, ila toa uzito wa ndoo.

Kuhusu rangi ya kijani: hapa nina ugomvi na namna kadi inavyosomwa mitaani. Watu wanatazama nukta imeangukia rangi gani na kufunga kadi. Rangi ni hali ya leo, mwelekeo ndio habari. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.4 akapanda sambamba na mistari hata akiwa karibu na kijivu (rangi ya uzito pungufu) anaweza kuwa salama kuliko huyu wako, ambaye alikuwa karibu na wastani wiki ya 10 na sasa mstari umelala. Ukisubiri nukta ifike kijivu, utasubiri wiki kadhaa, na hizo ndizo wiki ambazo kurekebisha ni rahisi.

Utepe wa mkono uweke pembeni. Ule wa rangi tatu ni wa miezi 6 hadi 59: nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano 11.5 mpaka chini ya 12.5, kijani kuanzia 12.5. Mtoto wa wiki 15 mwenye afya kabisa anaweza kusoma njano. Usimtishe bibi kwa kipimo kisicho cha umri huo.

Rufaa: ukipima kwa usahihi na bado ni 5.4, mpeleke kituoni siku hiyohiyo mnayokwenda kuchanja, muuguzi amwangalie kwa ukamilifu. Msiishie kwenye chanjo tu. Halafu rudia kupima baada ya siku 7, mizani ileile, saa zinazokaribiana, mtupu. Asipoongeza angalau gramu 100 kwa wiki hiyo, hapo siyo suala la kusubiri mwezi ujao. Akiwa amepungua, ni hospitali.

---

Mkongwe_RCH

Kwenye BCG mimi nasema irudiwe. Tulifundishwa mtoto asipokuwa na kovu baada ya miezi mitatu anachomwa tena. Huyu ana wiki 15, muda ndio huu.

---

Nesi_Chumba_cha_Chanjo

Mkongwe, shikamoo. Utaratibu huo ulikuwepo na wengi bado wanao vichwani. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mpya mwaka 2018: kukosa kovu siyo ushahidi wa kukosa kinga, na kurudia BCG kwa sababu ya kovu tu hakupendekezwi. Wapo watoto waliochomwa vizuri na hawaweki kovu.

Kwa hiyo swali la mtoa mada siyo kovu, ni kumbukumbu. Je, alichomwa? Kadi imefutika, lakini kuna rejista mahali alipozaliwa. Mwende na jina la mama kama lilivyoandikwa siku ya kujifungua (wengine walijiandikisha kwa jina la ukoo, wengine kwa jina la mume, jaribu yote), tarehe ya kuzaliwa, na namba yoyote inayosomeka kwenye kadi. Rejista ikionyesha, muuguzi anaihamishia kwenye kadi mpya, pamoja na za wiki ya 6 na ya 10. Rejista isipoonyesha, kituo ndicho kitaamua, na kwa kawaida mtoto asiye na kumbukumbu huchukuliwa kama hajachanjwa. Hiyo BCG inapangwa kwenye siku ya kichupa cha unga. Usiruhusu jambo la BCG licheleweshe penta, hayahusiani.

Kadi mpya weka ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa kuwekea vyeti. Ni shilingi chache stationari.

---

Lishe_Mbagala

Nakuja kwenye swali la nne, ambalo kwangu ndilo lenye kesi yote.

Hebu tazama kadi upya. Wiki ya 10 safi, wiki ya 15 mstari umelala, na katikati mama amerudi kazini. Likizo ya uzazi ni siku 84, yaani wiki 12 kamili. Inakatika katikati ya hudhurio la wiki ya 10 na la wiki ya 14. Mtoto anapoteza ziwa la mchana na mtu wa kumpeleka kliniki kwa wakati mmoja. Unaposema kesi zinajirudia kwa sura ileile, mimi nashuku kalenda kabla ya kushuku ugonjwa. Kwa mama wa genge au mama lishe inatokea mapema zaidi, baada ya arobaini tu.

Uji mwepesi: chukua kikombe chake uone. Karibu wote ni maji, unga ni vijiko viwili vya chai. Unajaza tumbo dogo, mtoto analala, bibi anaona ameshiba. Usiku mama akirudi mtoto hanyonyi kwa nguvu kwa sababu amejaa, ziwa halimalizwi, na ziwa lisilomalizwa linapunguza kutengeneza. Wiki mbili za hivyo na mama atakwambia "maziwa yamekauka". Maji nayo ni vilevile. Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji, hata Februari ya Dar yanatosha kiu. Na maji ya kuchemsha yanachemshwa, halafu yanamiminwa kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya ndoo. Kuhara kunaanzia hapo.

Kiasi: mtoto wa umri huu anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku nzima. Kilo 5.4 ni kama mililita 800 kwa saa 24. Kwa zile saa 14 ambazo mama hayupo ni mililita 450 hadi 480. Lakini usimpe mama namba hiyo siku ya kwanza, atakata tamaa. Usiku unaweza kubeba sehemu kubwa ikiwa analala naye: ziwa akifika tu saa 1, saa 4, saa 7, saa 10, na moja la mwisho kabla hajafunga mlango. Akianza na mililita 200 za mchana na usiku wa kweli, mstari unaweza kuanza kuinuka. Wiki ya pili anaongeza.

Kukamua kwa mkono: anawe kwa sabuni. Kikombe au jagi la mdomo mpana, lioshwe kwa sabuni kisha limwagiwe maji yanayochemka. Akande titi kwa vidole kutoka nje kuelekea chuchu. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi, siyo kwenye chuchu yenyewe. Kwanza asukume kuelekea kifuani, ndipo abane, aachie, abane, aachie. Vidole visiteleze juu ya ngozi, vikiteleza vinachubua. Dakika ya kwanza matone tu. Yakianza kuruka abadilishe titi kila baada ya dakika 3 hadi 5, jumla dakika 20 hadi 30. Anayebana chuchu anaumia, hapati kitu, na anaacha siku ya pili. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kushindwa, siyo uchache wa maziwa.

Kutunza: kwa joto la kawaida la nyumba zetu, saa 4, na chumba cha bati mchana wa kiangazi hata hizo usizimalize. Jokofuni ni siku kadhaa kama umeme haukatiki. Ukikatika mara kwa mara hesabu saa 24. Bila jokofu, kibebeo chenye barafu ya kutosha kinashika mpaka saa 24, mradi barafu iwe bado barafu. Kwa hiyo mpango wa nyumba hii ni kwamba ya saa 10 na nusu alfajiri yananywewa asubuhi, kabla ya saa 2 na nusu. Ya mchana yanatoka kwenye barafu: yale aliyokamua kazini jana, akayarudisha kwenye kibebeo.

Kumpa: kikombe kidogo, siyo chupa. Mtoto akae wima mapajani, mdomo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, uinamishe mpaka maziwa yafike kwenye mdomo, basi. Asimimine. Mtoto atalamba au kufyonza mwenyewe. Nusu saa ni kawaida. Maziwa yaliyopoa yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, yasiwekwe jikoni. Kitu alichokunywa nusu kimalizwe ndani ya saa 2 au kimwagwe.

Bibi mpe kazi ya kuhesabu nepi: sita zilizolowa au zaidi kwa saa 24, mkojo usiwe na rangi kali. Anaitaka kazi hiyo kuliko kukatazwa uji. Ukimwambia "acha uji" bila kumwachia maziwa kwenye kikombe, wewe umemkabidhi mtoto anayelia na mikono mitupu.

Na moja la faragha. Mtoto ambaye mstari umelala, muuguzi atataka kujua hali ya mama ya maambukizi ya VVU na kama mtoto alichukuliwa damu ya kisigino wiki ya 6. Hilo liko kwenye kadi kwa alama zake. Wewe usiliulize mbele ya bibi, wala usilisome kwa sauti. Mpeleke mama kwa muuguzi wakae wawili.

---

Kifungu_cha_33

Kuhusu mama kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33: likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, au siku 100 akizaa zaidi ya mmoja. Anaweza kuianza hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na hapo wanawake wengi wanajipunguzia. Aliyeanza wiki 3 kabla anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 9. Kurudi kabla ya wiki 6 baada ya kujifungua hairuhusiwi mpaka daktari athibitishe kuwa anafaa.

Kubwa kwa kesi hii: kifungu hichohicho kinampa mama anayenyonyesha muda wa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Wengi hawajui. Kwa mtu anayekaa Chamazi, kwenda na kurudi kunyonyesha haiwezekani kwa foleni zetu. Ila anaweza kuzungumza na msimamizi wake atoke saa 2 mapema, au azigawe mara mbili za kukamua mahali penye mlango unaofungika. Aombe kwa barua, aambatishe nakala ya kadi ya mtoto, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa, ofisi ya afisa kazi. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi yuko pabaya zaidi kivitendo, na hapo mpango wa usiku aliouandika Lishe_Mbagala ndio unaobaki.

---

Mhudumu_Chamazi

Asanteni sana. Mizani nimeirudia kwa mfuko wa unga wa kilo 5, inasoma 5.1, kumbe sifuri ilikuwa bila kaptula. Kwa hiyo mtoto yuko 5.3, siyo 5.4. Kesho saa 2 tunakwenda na bibi, mama ameomba ruhusa ya kuchelewa.

Mawili ya mwisho. Sindano tatu kwa pamoja, homa ikija usiku bibi afanye nini? Na nitajuaje kuwa hiyo siyo homa ya chanjo?

---

Nesi_Chumba_cha_Chanjo

Basi 5.3 kwenye karatasi ya rufaa, na uandike pia kuwa mizani ilirekebishwa, na kuwa 5.4 ya wiki ya 10 ni ya mizani nyingine, kwa hiyo huenda amepungua gramu 100 au ni tofauti ya mizani tu. Wampime na yao papo hapo.

Homa ya chanjo huja siku hiyo au kesho yake, na ndani ya saa 48 inakuwa imekwisha. Paja linaweza kuwa gumu na lenye joto. Lisikandwe, lisipakwe mafuta ya karafuu wala dawa ya meno. Kitambaa safi cha maji ya baridi kinatosha. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, apunguzwe nguo. Akiwa na homa au analia kwa maumivu, parasetamoli ya maji ya watoto. Soma chupa kwanza: iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kwa uzito wake anapewa mililita 2.5, kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko cha kipimo, siyo kijiko cha chai cha jikoni. Inarudiwa baada ya saa 6 ikihitajika, isizidi mara 4 kwa siku. Kama hana homa na hana maumivu, hapewi.

Usimwachie bibi akisie kama homa ni ya chanjo. Mpe mambo ya kutazama: amekataa kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, amedhoofika na hashtuki ukimwita, degedege, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi. Pumzi zihesabiwe dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa umri wake 50 au zaidi ni nyingi. Lolote katika hayo, au homa iliyovuka saa 48, ni kituoni mchana au usiku.  Muandikie bibi hayo kwenye jalada la kadi.

Kabla hamjatoka hapo kesho, tarehe ya kupima uzito baada ya siku 7 iandikwe kwenye kadi na siku ya wiki, na ya miezi 9 pia. Ile ya miezi 9 ni surua-rubela, kichupa cha unga, kwa hiyo muulize muuguzi siku yao ni ipi sasa hivi. Chandarua hutolewa siku hiyohiyo, mwambie bibi.